Wakuu, inboksi yangu ina imeili 14,612 ambazo sijasoma, naanzia wapi?

Kijana wa Kurasini – Jumatatu, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wakuu, naomba msaada na tafadhali msinicheke sana. Mimi nafanya kazi kampuni ya kliaringi hapa Dar, kazi yangu ni kufuatilia nyaraka za mizigo kuanzia meli iko baharini mpaka kontena litoke getini, na karibu kila kitu kinapita kwenye imeili. BL (hati ya mzigo kutoka kampuni ya meli), invoisi, pakingi listi, notisi ya meli kuwasili, makadirio ya kodi, wateja wanauliza mzigo umefika wapi, na juu ya hapo bosi anatuwekea kopi kila anachoandika. Sasa hivi naandika hapa kile kiduara chekundu kwenye simu kinasoma 14,612.

Kilichonitoa mafichoni ni hiki. Juzi kati notisi ya kuwasili meli ya mteja mmoja iliingia Jumanne alfajiri saa 11, mimi ndo naamka, nikaigusa kwa kidole nikiwa bado kitandani, nikaiona juu juu nikasema nikifika ofisini naanza na hii. Kumbe ukishaigusa inahesabika umesoma, yale maandishi meusi mazito yanapauka inafanana na za mwaka juzi. Nafika ofisini juu yake zimeshaingia arobaini na kitu, ofa ya hoteli, semina ya mtandaoni, halafu watu nane wanajibizana "sawa", "imepokelewa", "asante sana" wote na kopi kwangu. Ile notisi ikazama. Nimekuja kuikumbuka wiki inayofuata mteja ananipigia anauliza mzigo wangu vipi, siku za bure zimekwisha, storeji (tozo ya mzigo kukaa bandarini) inahesabu. Hela imelipwa, nusu nakatwa mimi kwenye mshahara kwa awamu.

Jumapili nilikaa tangu asubuhi nafuta moja moja nikafuta kama 600, Jumatatu zikaingia 130. Folda nimetengeneza 31, nyingine sikumbuki hata niliweka nini. Ofisini tunatumia Gmail. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mla Ndizi

Chagua zote, futa, lala. Ya muhimu watapiga simu.

Kijana wa Kurasini

Mkuu hiyo ya "watapiga simu" ndo imenikata mshahara 😂

Mama wa Masijala – Jumatatu, saa 4:55 usiku

Pole sana mwanangu. Mimi nimestaafu, nimekaa masijala na baadaye ofisi ya katibu muhtasi, jumla miaka 26 serikalini, kompyuta zimenikuta ukubwani, lakini hili tatizo lako nalijua tangu enzi za makaratasi.

Zamani barua ikiingia tulikuwa tunaigonga muhuri wa tarehe, tunaipa namba ya folio, inafungwa kwenye faili lake, faili linakwenda kwa afisa kwenye trei ya kuingia. Afisa akishasoma lazima aandike kitu kwenye minuti (karatasi ya maelekezo ndani ya faili), hakuna kulirudisha faili kimya kimya. Kama jambo limekwisha anaandika P.A. (put away), sisi tunalirudisha kabatini. Kama bado linasubiri kitu anaandika B.U. (bring up, yaani liletwe tena) na tarehe, mfano B.U. 14, na sisi tulikuwa na daftari kubwa la B.U., tarehe 14 ikifika asubuhi faili analikuta mezani kwake hata kama yeye alishasahau. Ndiyo maana kulikuwa na mabosi wenye mafaili mamia na meza nyeupe. Na kulikuwa na mmoja (simtaji, marehemu) aliyekuwa anarundika mafaili mezani "ili yamkumbushe", yakafika kidevuni, na hayakumkumbusha chochote, siku moja likatafutwa faili la mtu la kiinua mgongo likakutwa limekaliwa na birika la chai.

Sasa wewe inboksi yako umeifanya trei, hapo hapo kabati, hapo hapo daftari la B.U. Haiwezi kuwa vyote vitatu. Usifungue imeili kama huna nafasi ya kuamua lolote juu yake, na kitandani saa 11 alfajiri huna nafasi hiyo, jicho moja limefumba. Ukiifungua, kabla hujatoka andika minuti yako: imekwisha, ifanyike sasa hivi, apewe fulani, au B.U. tarehe fulani. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu kuna alama ya saa, ukiibonyeza barua inapotea na inarudi siku na saa uliyoitaka. Nilicheka sana, hiyo ni B.U. tupu.

Fundi Mitandao – Jumatatu, saa 5:30 usiku

Mama umemaliza, mimi naongeza vitendo tu.

Kijana, hizo 14,600 usizisome na usizifute. Kesho chukua karatasi uandike BL zote ambazo mzigo wake haujatoka bandarini, zitafute moja moja kwenye kile kisanduku cha kutafutia, zile mbichi ziwekee nyota. Ukimaliza, kwenye kompyuta (sio simu) andika hivi: in:inbox older_than:1m yaani zilizomo inboksini zenye zaidi ya mwezi. Weka tiki kisanduku cha juu kabisa, itachagua zile za ukurasa tu ambazo kwa kawaida ni 50, lakini juu yake kinatokea kimstari kidogo kinauliza kama unataka kuchagua mazungumzo yote yanayolingana na ulichotafuta. Watu wengi hawakioni kile kimstari ndo maana wanafuta hamsini hamsini mpaka wanazeeka. Kibonyeze, kisha akaivu. Ni nyingi kwa hiyo acha ijifikirie kidogo usiifunge.

Akaivu sio kufuta. Imeili inatoka inboksini inabaki kwenye barua zote, ukitafuta unaipata, na mtu akijibu uzi ule unarudi wenyewe juu. Ndo P.A. ya mama. Kufuta ni kitu kingine, inakwenda taka na baada ya siku 30 imeondoka jumla.

Sasa ujue akaivu haipunguzi nafasi. Akaunti ya Gmail ya bure ina GB 15 na hizo ni pamoja na Drive na picha zako, ikijaa watu wanakutumia imeili zinawarudia, na hapo hata notisi huioni kabisa. Ya ofisi ni mpango wenu lakini na yenyewe ina kikomo. Kwa hiyo mara moja moja andika larger:10M older_than:2y utaziona zile zenye maatachimenti mazito ya zaidi ya miaka miwili, hizo ndo za kufuta, nyaraka za kodi na mikataba shusha kwanza uhifadhi pembeni.

Halafu tengeneza filta. Kila imeili yenye neno unsubscribe iruke inboksi iende kwenye lebo moja iite "Matangazo", Ijumaa unaipitia dakika tano. Hapo nusu ya uchafu imekwisha. Na zile folda 31 zivunje, zibaki tatu nne, kutafuta ni haraka kuliko kupanga.

Mtu wa Kilindini – Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Fundi, heshima yako, lakini hiyo filta ya mwisho itamuua huyu ndugu yetu. Mimi niko kazi hii hii upande wa huku. Notisi nyingi za meli zatumwa na mfumo, si mtu, na ukishuka mpaka chini kabisa kwenye yale maandishi madogo utakuta hilo neno lake la kujitoa, sawa na la ofa ya hoteli. Ukiweka filta hiyo bila kuchuja, notisi yaenda "Matangazo", na yeye aitazama Ijumaa. Storeji nyingine hiyo.

Filta iende kwa mtumaji. Anuani za kampuni za meli zaweza kuwa kumi na mbili au kumi na tano, si nyingi, ziandike zote kwenye filta moja, ipe lebo nyekundu, na uweke pale penye kusema isipelekwe spamu kamwe. Hizo ziachwe inboksini zikae macho. Matangazo yafuate yenyewe kwa anuani zao, polepole, kila likija jipya waliua.

Na mimi niwaambie kweli, sina inboksi tupu. Niko na elfu tisa na nalala vizuri. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, hakuna mbili zinazofanana, nikiiandika pale juu yaja historia yote tangu mwanzo mpaka getini. Shida ni mteja anayekutumia picha ya BL amepiga na simu, sabujekti kaandika "habari", ndani hamna neno. Kesho utatafuta nini? Mimi hapo hapo namjibu, "nimepata BL ya kontena namba fulani, meli fulani", basi uzi ule umepata jina. Sekunde ishirini.

Jambo jingine, wangapi kati yenu mwajibu China baada ya chakula cha mchana? Wao wako mbele yetu masaa matano. Wakifunga ofisi saa kumi na mbili jioni kwao, kwetu ni saa saba mchana. Ukijibu saa nane umejibu kesho. Kwa hivyo mimi asubuhi naanza na Uchina, Dubai na Uropa baadaye, watu wa hapa hapa mwisho kwa sababu hao naweza kuwapigia.

Fundi Mitandao

😅 Nimekubali kosa. Kwangu mimi zinazokuja na hilo neno ni matangazo tu, sikufikiria mifumo ya meli. Kijana fuata ya mzee wa Kilindini.

Ila na kujitoa kwenyewe tujitoe jamani, sio kuficha tu. Gmail inaweka kile kineno cha kujitoa pembeni ya jina la mtumaji, na tangu 2024 Google inawabana wanaotuma kuanzia imeili 5,000 kwa siku kwenda Gmail waweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, kwa hiyo kwa makampuni ya kweli inafanya kazi. Kwa matapeli usibonyeze chochote, wewe ripoti spamu upite.

Na hii inboksi ziro (kuhakikisha inboksi inabaki tupu) watu wanaichukulia kama mashindano. Merlin Mann, yule Mmarekani aliyeieneza kwenye 2006, 2007 hivi, alikuwa anasema ziro sio hesabu ya barua, ni ule muda akili yako inaokaa imekwama ndani ya inboksi. Kwa maana hiyo mzee mwenye elfu tisa na usingizi wake anaweza kuwa yuko ziro kuliko mimi.

Neema wa Outlook

Sisi wa Outlook je? Au hatuna mtetezi

Fundi Mitandao

Dada Neema mantiki ni ile ile, akaivu ipo, filta huko zinaitwa ruli. Ukikwama fungua uzi wako nitakuja.

Kijana wa Kurasini – Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakuu nimerudi. Kwanza asanteni, Mama shikamoo sikukuamkia jana.

Nimefanya. BL zilizo wazi zilikuwa 19, kwenye kuzitafuta nimekuta mbili ambazo mteja alishatuma marekebisho ya invoisi na mimi nilikuwa sijui, moyo ulipiga paa. Nikaweka nyota, kisha nikabonyeza ile kitu ya kuchagua zote, ikajifikiria nikaenda kunywa chai narudi inboksi ina 211 za mwezi huu. Nimepitia moja moja kwa staili ya minuti, saa 11 jioni zilibaki 38. Sijawahi kuona mwisho wa ukurasa wangu tangu niajiriwe, kule chini kumbe kuna maandishi.

Filta ya meli imekamata anuani 14. Notifikesheni nimezima zote, nimeacha za hiyo lebo tu.

Swali lililobaki ni bosi. Anaweka kopi kwa kila mtu kwenye kila kitu, hata kuagiza maji ya kunywa. Kwa siku zangu karibu 50 ni za kopi tu. Nikiweka filta ziruke inboksi naogopa, maana wakati mwingine katikati ya imeili ndefu anaandika "Kurasini fuatilia hili" halafu baada ya siku mbili anauliza umefikia wapi.

Mtu wa Kilindini

Usiziruke. Mabosi wote ni wamoja, agizo la maana walizika aya ya nne. Weka filta ya cc:me, ipe lebo ya kijivu tu ibaki inboksini, hizo uzisome pamoja mara mbili kwa siku, kabla ya chakula na kabla ya kutoka. Utafute jina lako ndani, kama halimo akaivu.

Mama wa Masijala

Marahaba mwanangu.

Bosi usimwambie "unanijazia inboksi", hilo neno halina adabu na hatalisahau. Mwendee asubuhi akiwa ametulia umwambie, mzee, ili nisikose agizo lako naomba lile la kwangu uliandike mstari wa kwanza na jina langu. Hapo unamsaidia yeye. Mimi nilimwambia hivyo mkurugenzi mmoja kuhusu minuti zake, mwandiko wake ulikuwa kama kuku amekwaruza, na alikubali kwa sababu nilisema ni macho yangu yamechoka. Na nyie wenyewe acheni kujibu "imepokelewa" kwa watu wote, nanyi ni walewale.

Mpita Njia 77

Naomba niingilie kidogo, hamjagusa usalama. Ofisi niliyokuwa nafanya zamani mhasibu alikuwa na inboksi safi kuliko wote, kumbe safi kwa sababu mtu alishaingia kwenye akaunti yake na kuweka filta, imeili zote kutoka kwa msambazaji fulani zinajisoma na kujiakaivu zenyewe, huku yeye analetewa za bandia zenye akaunti mpya ya benki. Hela ilikwenda. Kwa hiyo mkiwa mnatengeneza filta zenu angalieni na zilizopo, kama kuna ambayo hukuiweka wewe, au imeili zinafowadiwa mahali usipopajua, badilisha pasiwedi dakika hiyo hiyo, washa uthibitisho wa hatua mbili na uwaambie watu wa IT. Na akaunti ya benki ikibadilika kwa imeili PIGA SIMU, kwa namba unayoijua wewe sio iliyoandikwa kwenye imeili hiyo.

Kijana wa Kurasini

Duh. Nimeenda kuangalia sasa hivi, nimekuta filta moja siijui... kumbe niliiweka mwenyewe 2021, inapeleka imeili za chuo kwenye folda "CHUO MUHIMU". Ina imeili 900 na sijaifungua hata siku moja.

Kijana wa Kurasini – Ijumaa, saa 2:15 usiku

Mrejesho wakuu, nilisema nitarudi.

Jumatano nilianguka, siku nzima nilikuwa bandarini na simu, jioni zilikuwa 96. Alhamisi nikaanza na Uchina kama mzee alivyosema, saa 2 asubuhi nimemjibu wakala wa Guangzhou kuhusu drafti ya BL ambayo jina la mteja limekosewa herufi moja, saa 3 na nusu amerudisha imesahihishwa. Huyu ni yule yule ambaye mwezi uliopita tulibishana siku tano kwa sababu mimi nilikuwa namjibu saa 9 alasiri kila siku, nikawa nasema Wachina hawa wavivu. Nimejisikia vibaya kidogo.

Notisi moja imeingia Alhamisi usiku, ikalia peke yake, nikaamka nikaitazama kwenye kioo cha simu bila kuifungua, nikalala. Asubuhi ofisini nikaifungua, nikatuma kwa mteja kuomba nyaraka zilizobaki, nikaipiga B.U. ya Jumatatu saa 3. Leo natoka ofisini inboksi ina 6, na zote sita najua zinasubiri nini.

Bosi nimemwambia kwa maneno ya Mama karibu neno kwa neno. Akaniangalia akasema sawa. Leo imeili ya maji ya kunywa imekuja, mstari wa kwanza: "Kurasini hii haikuhusu." Bado kaniwekea kopi lakini tunaenda.

Mshahara nakatwa mpaka Novemba.

Mtu wa Kilindini

Hongera ndugu yangu. Jumatano zikifika 96 tena usihesabu umeshindwa, kazi yetu ina siku za bandarini.

Mla Ndizi – Ijumaa, saa 5:02 usiku

Wadau mimi ile Jumatatu nilifuta zote kweli, sikuwa natania. Leo natafuta tiketi ya ndege ya Mwanza, nasafiri kesho asubuhi. Hizo siku 30 za taka ni kweli au Fundi alikuwa anaongea tu?

Fundi Mitandao

Ni kweli mkuu. Andika in:trash halafu jina la shirika, na ukiipata irudishe inboksini kabla hujalala.

Mla Ndizi

Nimeipata. Ni ya saa 12 asubuhi. Mimi nilikuwa najua saa 12 jioni 😳